Jinsi ya kunasa shaba kwenye maji kwa jeli ya pampasi

Ile poda inayonyonya maji ndani ya pampasi ni sodiamu poliakrileti, na kazi yake haiishii kwenye mkojo, inashika metali pia. Jaribu hivi: chana pampasi mpya, kung'uta pamba juu ya karatasi mpaka upate kama gramu 1 ya chembe nyeupe. Chukua lita 1 ya maji ya mvua, koroga nusu gramu ya mrututu (chumvi ya shaba, yaani shaba salfeti), ule ule wa kupulizia kahawa (vaa glavu jamani), maji yatakuwa na rangi ya buluu kwa mbali. Funga chembe kwenye kitambaa chepesi, tumbukiza, acha usiku kucha ukikoroga kila ukikumbuka.

Asubuhi jeli ndo ya buluu, maji yamefifia. Utaona pia haijavimba sana, imekaza kama mpira, maana kila ayoni ya shaba (chembe ya shaba yenye chaji ya umeme) ina chaji mbili kwa hiyo inabana nyuzi mbili za jeli pamoja.

Sasa pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ndo inasumbua watu wengi. Iweke karibu na 5, ikishuka sana hidrojeni inakalia viti vya shaba. Maji ya chumvi chumvi ya kisima nayo yanaleta kalsiamu inayogombania nafasi hizo hizo.

Ukitaka kuitumia jeli tena, iloweke kwenye asidi iliyozimuliwa kwa maji, shaba inatoka. Ila asidi hiyo yenye shaba usiimwage shambani! Na zebaki ya wachimbaji usiitegemee jeli hii, zebaki inataka jeli yenye salfa.