Umechaguliwa Kuongoza Klabu ya Kilimo Shuleni? Anza na Zamu ya Maji

Siku niliyochaguliwa kuwa mwenyekiti wa klabu ya kilimo nilidhani kazi yangu kubwa itakuwa kuongea. Niliandaa hotuba, nikaikariri, nikapigiwa makofi. Wiki tano baadaye nilikuwa nimechuchumaa mbele ya kitalu cha nyanya, nagusa mche mmoja mmoja kwa vidole viwili, na kila nilioushika ulikatika kama njiti ya kiberiti. Shule ilikuwa imefungwa siku nne tu. Kabla ya kufunga nilikuwa nimesimama mbele ya wanachama 34 nikasema, "Jamani, tusisahau kumwagilia." Wote waliitikia. Hakuna aliyemwagilia.

Sikuwalaumu. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake atakwenda. Kosa lilikuwa katika sentensi yangu: haikuwa na jina la mtu, haikuwa na siku, haikuwa na kiasi cha maji. Baada ya hapo nikakosea upande wa pili. Kwa wiki mbili nilibeba maji mwenyewe, asubuhi na jioni, nikaona ndiyo kuwajibika. Nikaugua homa siku tatu, na katika siku hizo hakuna aliyejua hata ufunguo wa stoo unawekwa wapi. Kwa hiyo ukiniuliza kiongozi wa klabu ya shamba aanzie wapi, nitakwambia aanze na karatasi ya zamu, kabla hata ya kununua mbegu.

Zamu yenyewe inaandikwaje

Chora jedwali: tarehe, namba ya tuta, jina la mwenye zamu, jina la msaidizi, idadi ya ndoo, sahihi, na safu pana ya mwisho yenye kichwa "Nilichoona". Mwenye zamu awe mtu mmoja. Ukiandika "kundi la kwanza" au "darasa fulani" umerudi kule kule kwenye hotuba yangu. Msaidizi kazi yake ni moja: kuhakikisha mwenye zamu ameenda, na kama hakwenda, aende yeye.

Idadi ya ndoo ipigie hesabu, usikisie. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 lina mita za mraba 5. Ukimwaga lita 10 kwa kila mita ya mraba, ni sawa na mvua ya milimita 10. Basi tuta hilo ni ndoo tano za lita kumi. Kabla ya kumwaga, mwenye zamu achomeke kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo mbichi ulioshikamana, aache mpaka kesho na aandike hivyo. Kitaluni ni tofauti: miche michanga ina mizizi mifupi, inataka maji kidogo kidogo lakini mara kwa mara. Na matuta yote yatandazwe nyasi kavu, unene wa viganja viwili vilivyolala, bila kugusa shina. Matandazo yanakupunguzia ndoo, na ndoo ndizo zinazowachosha wanachama.

Safu ya "Nilichoona" niliiweka bila kutarajia makubwa. Ndiyo iliyotuokoa. Mwanachama mmoja, mkimya sana vikaoni, aliandika: "Tuta la 3, miche miwili imelala, imekatwa chini kabisa, majani hayajaliwa." Mimi ningepita nikasema upepo. Mlezi wetu aliposoma alikwenda moja kwa moja, akafukua udongo kuzunguka shina kwa kijiti, kina cha kidole tu, akatoa kiwavi wa kijivu aliyejikunja kama herufi C. Ni sota. Hula usiku, mchana hujificha papo hapo chini ya mche aliouangusha. Jioni ile tulifukua matuta yote, tukawaokota kwa mkono, kisha tukazungushia kila shina ukanda wa karatasi ngumu, nusu yake ikiwa chini ya udongo. Tulipoteza miche sita. Bila mstari ule mmoja wa daftari tungepoteza tuta zima. Tangu siku hiyo nilianza kila kikao kwa kusoma safu hiyo kwa sauti, pamoja na jina la aliyeandika, na wale wasioongea wakaanza kusikika.

Hesabu siku kinyumenyume

Shamba halijui mitihani wala likizo. Chukua kalenda ya masomo, weka alama ya duara kwenye wiki za mitihani na kila kipindi cha kufunga, ndipo uchague cha kupanda. Nyanya hukaa kitaluni wiki nne hadi sita, na baada ya kuhamishwa huchukua takriban miezi miwili hadi mitatu kuanza kuvunwa. Anza na wiki unayotaka kuvuna, urudi nyuma mpaka siku ya kusia mbegu. Kama muhula wenu hautoshi, pandeni mchicha, unaovunwa ndani ya wiki chache.

Wanyama nao ni hivyo hivyo. Mayai ya kuku huanguliwa baada ya siku 21, sungura hubeba mimba takriban siku 31. Ukiweka mayai bila kutazama kalenda, vifaranga watatoka katikati ya mtihani, na kifaranga wa siku moja anahitaji joto, maji na macho ya mtu saa zote.

Mbegu pia zijaribuni mapema. Funga mbegu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu, weka mahali penye joto, hesabu zilizoota baada ya wiki moja au zaidi kidogo kutegemea zao. Zikiota 14, hiyo ni asilimia 70, na mtajua muongeze mbegu kiasi gani. Ni kazi nzuri ya kumpa mwanachama mpya, kwa sababu jibu analipata yeye, na klabu nzima inalisubiri kwake.

Wanachama wapya wengi hupotea kwa kupewa kazi ya kutazama. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nasi tuliifanya kuwa kanuni: mkutano wa tatu, unapewa robo ya tuta yenye kibao cha jina lako. Upana wa tuta usizidi mita 1 ili hata mfupi afike katikati bila kukanyaga udongo.

Vikao fanyeni shambani, mkiwa mmesimama, dakika 20. Vilabu vya 4-K, vya kilimo shuleni nchini Kenya, vimeweka kazi yote ndani ya jina: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Wenzao wa 4-H, walioanzia Marekani, wanataja kichwa, moyo, mikono na afya, maneno ambayo kwa Kiingereza yote huanza na H. Kuongea hakumo katika orodha zote mbili, nami napenda liwe hivyo. Katibu aandike muhtasari pale pale: nani, nini, lini. Fedha za mauzo zihesabiwe na watu wawili mbele ya wengine, na mhazini atunze kila risiti. Hapo usimlegezee mtu yeyote, hata rafiki yako.

Kukabidhi

Mrithi wako mtafute ukiwa bado una nusu ya muda wako, utembee naye shambani msimu ukiendelea. Mwonyeshe mlipopanda nyanya mwaka huu, ili mwaka ujao pasirudishwe nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo. Zote ni ukoo mmoja na hurithishana magonjwa ya udongoni, kama mnyauko. Apande maharage hapo. Mwonyeshe mboji, achomeke kijiti katikati ya lundo, akichomoe na kukishika: kikiwa cha moto, lundo linafanya kazi, kikiwa baridi na kikavu, amwagie maji na aligeuze.

Mimi wa kwangu nilimpa daftari wiki tatu kabla ya ufunguo. Nilimwomba apange zamu ya likizo iliyokuwa inakuja, peke yake, kisha aniletee. Aliniletea jedwali lenye majina yote, ndoo zote, na pembeni mwa kila jina ameandika umbali wa kutoka nyumbani kwa mtu huyo mpaka shambani, ili walio karibu wachukue zamu za asubuhi. Mimi sikuwahi kulifikiria hilo. Nilimpa ufunguo siku hiyo hiyo.