Mahindi ya Bustanini Yanatoka na Mapengo? Hatua za Kuzuia na Kutambua Chanzo

Mahindi ya nyuma ya nyumba yanaweza kustawi vizuri, mabua manene na majani ya kijani, halafu ukimenya hindi unakuta punje hapa na pale na gunzi tupu. Mara nyingi udongo hauna kosa. Ni chavua, yaani vumbi la njano la uzazi wa mmea, haikufika. Mbelewele iliyo juu ya mmea ndiyo hutoa chavua. Ndevu hutoka kwenye hindi, na kila udevu mmoja umeungana na punje moja tu. Udevu ukikosa chavua, punje yake haitakuwepo. Shamba la ekari nzima lina chavua ya kumwaga, lakini mashina kumi ya bustanini upepo huyapitia tu.

Hatua ya 1: Panda kwa mraba

Usipande mstari mmoja kando ya uzio. Panda mistari isiyopungua 4, sentimita 75 kati ya mstari na mstari, sentimita 30 kati ya shina na shina. Eneo la mita 3 kwa 1.5 linachukua mashina 20, na hayo yanatosha kuchavushana. Weka mbegu 2 kila shimo, kina cha sentimita 4 hadi 5, zote siku moja. Baada ya wiki mbili ng'oa dhaifu, bakiza mche mmoja. Usirudishie mapengo ya miche baada ya hapo: mmea uliochelewa hutoa ndevu wakati wenzake wamemaliza chavua.

Hatua ya 2: Mbolea

Kisoda kimoja cha DAP (mbolea ya kupandia) chini ya shimo, funika kwa udongo wa vidole viwili ndipo uweke mbegu. Mbolea ikigusa mbegu huiunguza. Kama huna, tumia samadi iliyooza vizuri, konzi mbili. Mahindi yakifika magotini, weka kisoda kimoja cha urea sentimita 10 kutoka kwenye shina, udongo ukiwa na unyevu, kisha fukia.

Hatua ya 3: Kagua viwavijeshi vamizi mara mbili kwa wiki

Fungua moyo wa mmea. Ukiona kinyesi mithili ya unga wa mbao uliolowa, kiwavi yumo ndani. Kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Ponda mayai (hukaa kwa mafungu yenye manyoya juu yake) na viwavi kwa mkono, kisha dondoshea moyoni mchanga laini au majivu makavu kidogo. Ukitumia dawa, puliza jioni wanapotoka kula, na uheshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko. Usilegee mbelewele ikishatoka, maana viwavi hukata ndevu.

Hatua ya 4: Maji

Wiki mbili kabla ya ndevu kutoka na wiki mbili baada yake ndiyo kipindi kisichosamehe. Kwa eneo tulilotaja, mvua ikikosekana, mwagilia madumu 7 hadi 8 ya lita 20 kwa wiki. Mmea wenye kiu huchelewesha ndevu, huku mbelewele ikiendelea kumwaga chavua bure.

Hatua ya 5: Chavusha kwa mkono

Subiri umande ukauke, kama saa tatu hadi saa tano asubuhi. Inamisha mbelewele polepole ndani ya mfuko mkavu wa karatasi, uitikise. Utaona vumbi la njano pamoja na vifuko vitupu vya chavua. Changanya chavua ya mashina kadhaa, kisha nyunyizia ndevu mbichi papo hapo, maana jua kali huiua chavua haraka. Rudia kila asubuhi kwa siku 4 au 5, kwa kuwa ndevu za hindi moja hazitoki zote siku moja. Usitumie mfuko wa plastiki: unatoa jasho, na chavua ikilowa haifai tena.

Hatua ya 6: Jaribu kwa kutikisa

Siku chache baada ya kuanza kuchavusha, toa hindi moja. Pasua maganda kwa kisu toka kitakoni hadi nchani bila kukata ndevu, yafungue, shika kitako na utikise. Ndevu zilizochavushwa zitaanguka. Zilizogoma hazijapata kitu. Zikigoma nyingi na bado kuna mbelewele inayotoa vumbi, endelea kuchavusha.

Hatua ya 7: Soma mapengo wakati wa kuvuna

Ndevu za upande wa kitako hutangulia, za nchani humalizia. Kwa hiyo kitako kitupu maana yake ndevu zilitangulia chavua. Ncha tupu kabisa, chavua iliisha mapema. Lakini ncha yenye vipunje vilivyosinyaa ni jambo jingine: vilichavushwa, mmea ukavitupa kwa kiu, njaa ya mbolea au msongamano. Mapengo yaliyotawanyika huku ndevu zimekatwa ni kazi ya wadudu.

Vituko vingine

Punje za njano kwenye mahindi meupe zimetokana na chavua ya jirani. Ni salama kula. Punje juu ya mbelewele hazina madhara. Miche ya zambarau imekosa fosforasi au imepigwa baridi. Majani ya chini yakianza unjano nchani na kushuka katikati kwa umbo la V, ongeza urea. Michirizi myembamba ya njano iliyokatikakatika kwenye majani ya mche ni virusi; ng'oa, hakuna tiba. Uvimbe wa kijivu kwenye hindi ni fugwe, ugonjwa wa ukungu: ukate kabla haujapasuka na kumwaga unga mweusi, uchome, usiuweke kwenye mboji.

Hindi lenye ukungu wa kijani au njano usile, wala usiwape kuku, kwani linaweza kuwa na sumukuvu, na kupika hakuiondoi.