Usianze Kuchoronga Katikati: Kuchunguza Kiwanja Chenye Kiyeyushi Kizito

Petroli ikimwagika huelea juu ya maji ya ardhini. Tetrakloroethilini, kiyeyushi cha madobi wanaofua bila maji, huzama: lita moja ina uzito wa kilo 1.62. Hushuka hadi ikutane na tabaka la udongo wa mfinyanzi, kisha hufuata mteremko wa mfinyanzi huo, hata kama maji yanaelekea kwingine. Lita moja tu yaweza kupitisha lita zaidi ya milioni 300 za maji kikomo cha maji ya kunywa cha Marekani, maikrogramu 5 kwa lita.

Tafuta kwanza michoro ya zamani: mashine ya kufulia ilikaa wapi, tangi wapi, bomba la maji taka linapita wapi. Viungio vya bomba hilo huvuja mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kisha choronga kutoka nje kuingia ndani. Ukitoboa mfinyanzi uliobeba dimbwi la kiyeyushi, umelifungulia mlango wa kushuka kwenye maji safi, na kulirudisha haiwezekani. Ikibidi kupita, simamisha bomba la kwanza ndani ya mfinyanzi, lizibe kwa saruji na bentonaiti (udongo unaovimba ukilowa), subiri angalau saa 24, ndipo uendelee kwa keekee nyembamba zaidi.

Kiyeyushi chenyewe hakina rangi, kwa hiyo macho hayatoshi. Vaa glavu, tikisa udongo kidogo na maji na chembe za rangi ya Sudan IV. Matone mekundu yakitokea, umekipata.

Sehemu yenye matundu ya kisima cha kuchukulia sampuli za maji isizidi mita 1.5. Ikiwa ndefu, maji safi huzimua machafu na majibu hukudanganya. Panapohofiwa dimbwi, tumia bomba la chuma cha pua, kwa sababu plastiki ya PVC hulainika.

Vuta maji polepole, mililita 100 hadi 500 kwa dakika, mpaka pH (kipimo cha uchachu) na upitishaji umeme vitulie. Jaza chupa ya mililita 40 yenye asidi ya hidrokloriki pomoni, bila kuimwaga asidi, kisha ipindue: ukiona kiputo, chukua nyingine. Hifadhi kwenye nyuzi 4, ipimwe ndani ya siku 14.

Majibu yakifika miligramu 2 kwa lita, yaani takriban asilimia 1 ya kiwango cha kiyeyushi kinachoweza kuyeyuka kwenye maji, shuku dimbwi jirani. Yakiwa chini, usitangaze usalama. Huenda kisima kimelikosa kwa mita chache. Agiza maabara ipime pia kloridi ya vinili: bakteria huizalisha wakikivunjavunja kiyeyushi hiki, nayo ni sumu kali zaidi.