Kuandika riwaya ya mjane na mgeni asiyejijua: Pemba, mwaka 803 Hijria

Kisa cha mtu aliyetupwa na mawimbi bila kumbukumbu, akapokewa na mjane asiyeyumbishwa, kimezoeleka katika riwaya za ngome na farasi za Ulaya. Ukikileta Pemba, usikivishe kanzu na kofia ukaona kazi imekwisha. Pemba ya zama hizo ilikuwa na pepo zake, ufundi wake na sheria yake ya ndoa, na hivyo ndivyo vitakavyokuendeshea kisa.

Shika jambo moja kabla ya sura ya kwanza. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 aliwakuta watu wa Mombasa na Kilwa wakifuata madhehebu ya Shafii. Kwa fiqhi hiyo idhini ya bikira ni ukimya wake, lakini idhini ya mjane ni lazima itamkwe. Basi una mwanamke ambaye hawezi kuolewa bila kusema, na mwanamume ambaye hana la kusema juu ya nafsi yake. Kila sura iusogeze ulimi wa mmoja wao.

Mahali na kalenda

Pemba waandishi wa Kiarabu waliiita Al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani, na ilikuwa na miji zaidi ya mmoja. Mtambwe Mkuu ni ya mapema mno kwa kisa hiki: hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha iliyofukuliwa huko mwaka 1984 ni ya karne ya 11. Pujini ya Mkama Ndume ni ya karne ya 15, na ukimtaka mtawala huyo mkali itakubidi usogee mbele. Chwaka, karibu na Tumbe, ndiyo inayotufaa: mji wa mawe wenye misikiti, upande wa kaskazini mashariki, ambako chombo kinachosukumwa na upepo wa kaskazi kinaweza kupanda mwamba bila msomaji kuuliza imekuwaje.

Sasa hesabu miezi. Mwaka 803 Hijria ulianza Agosti 1400. Mume akifa mwanzoni mwa Mfungo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani, ni kama tarehe 20 Oktoba. Eda ya mjane asiye na mimba ni miezi minne na siku kumi, karibu siku 128 kwa mwezi mwandamo. Utapita Mfungo Sita, Saba, Nane na Tisa, kisha siku kumi za Rajabu, na eda itakwisha kiasi cha tarehe 24 Februari 1401. Shaabani inaanza katikati ya Machi na Ramadhani katikati ya Aprili.

Tazama kalenda inavyokupa muundo bure. Kaskazi inavuma Desemba mpaka Machi, ndipo vyombo vinashuka kutoka Uarabuni, Lamu na Mombasa, na mgeni wako anatupwa pwani Januari wakati mjane yumo ndani ya eda. Shaabani ndiyo nafasi ya harusi kabla ya kufunga. Aprili upepo unageuka kuwa kusi, na chombo cha kwanza kurudi kaskazini kinaweza kuondoka na mtu anayemjua mgeni ni nani. Huhitaji adui wa kubuni, kwani upepo wenyewe umeshaweka siku ya mwisho. Ukichagua mwaka mwingine rudia hesabu, maana mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi na eda inaweza kukuangukia katikati ya masika wakati hakuna chombo baharini.

Mume awe na kaburi

Kosa linalovunja riwaya nyingi za aina hii ni kumzamisha mume na chombo chake, maiti isionekane. Hapo huna mjane. Mke wa aliyepotea hubaki mke mpaka kifo kithibitike, na mapenzi yote yanayofuata yanakuwa na mume juu yake. Muue kwa homa, azikwe alasiri, watu watatu wamtie kaburini.

Baada ya mazishi usikimbilie pwani. Kaa kwenye mirathi, kwa sababu hapo ndipo msimamo wa mwanamke unapoonekana. Waandishi wengi humfanya mjane kuwa mkali wa maneno, akafokea kila mtu, na msomaji anachoka naye. Mwenye msimamo anajua hesabu. Tuseme marehemu ameacha mali ya dirhamu 800, na mahari aliyobakisha kumlipa mkewe ni 160. Mahari ni deni, na deni hutangulia mirathi. Zinabaki 640. Wakiwepo watoto, mke ana thumuni, sehemu moja ya nane, yaani 80, jumla anashika 240. Bila watoto ana robo, 160, jumla 320. Mashemeji wataka kuipitisha thumuni na kulisahau deni. Yeye, kutoka chumba cha ndani, anawataja kwa majina mashahidi wa akdi yake, mmoja mmoja, na mmoja wao amekaa pale pale barazani. Sauti haikupanda.

Jina lake liwe la kisiwani. Mwanakombo linafaa sana. Yeye watu wanamwita Mwana, na mgeni naye amwite hivyo mpaka mwisho.

Kazi ya mikono yake

Mpe kazi inayogusana na bahari. Usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ndio bora. Mitepe, vyombo vya tanga vya pwani hii, haikuwa na misumari: mbao zilitobolewa kwa keke, zikashonwa kwa kamba za usumba, na tanga lilikuwa la mkeka. Mwenye kamba nzuri anahitajiwa na kila fundi.

Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mchanga au tope la maji ya chumvi kwa miezi kadhaa. Kwa riwaya hesabu sita. Yakifukuliwa mapema, nyuzi zinatoka na nyama yake, ngumu, za kahawia, na kamba yake hukatika ikinyongwa. Yakiiva, ganda linabonyea kwa kidole, harufu ni ya yai viza, na yakipondwa kwa gongo na kusuuzwa nyuzi hubaki peke yake. Hukaushwa juani, kisha husokotwa kwa viganja.

Kamba zinatakiwa kabla ya kusi, kwa hiyo makumbi yatafukuliwa Februari mapema, na yalifukiwa Agosti, mume akiwa hai. Februari mapema mjane bado yumo edani, hajipaki wanja, hajitii uturi, halali nje ya nyumba yake. Mashemeji watasema asikanyage pwani. Lakini wanazuoni wa Shafii wamemruhusu aliye katika eda ya kifo kutoka mchana kwa haja, kama kununua chakula au nyuzi. Mpeleke kwa kadhi akaulize, ajibiwe, atoke mchana na vijakazi na majirani, arudi kabla ya magharibi. Sura hiyo ikiandikwa vizuri itamfanya msomaji amfuate mpaka mwisho.

Kumbukumbu inapotea vipi

Hapa kuwa mwangalifu kuliko mahali pengine. Foromali, ile boriti ya tanga, ikimpiga mtu kichwani, kwa kawaida hupoteza saa au siku zilizotangulia pigo, na kwa muda hashiki mambo mapya: anauliza swali lile lile mara tano. Kulisahau jina na ukoo wake wote ni nadra, na likitokea mara nyingi limefungamana na mshtuko wa nafsi. Mpe vyote viwili: pigo la kichwa, na jambo aliloliona chomboni usiku ule.

Asichopoteza ni hiki: lugha, namna ya kuswali, na kazi za mikono. Mtu asiyejua jina la baba yake anaweza kufunga fundo alilofunga miaka ishirini. Tumia lahaja kuwa alama. Akisema *mato* badala ya macho, au *ndia* badala ya njia, kijiji chote kitajua ni wa kaskazini kabla yeye hajajua. Usimfanye aongee Kiswahili cha redioni halafu sura ya kumi ukatangaza kuwa ni mtu wa Lamu.

Kumbukumbu hurudi vipande vipande, na kwa kawaida ya zamani hutangulia: uwanja wa utotoni kwanza, ujana baadaye, mwaka jana mwisho. Saa za karibu na pigo huenda zisirudi kabisa. Maana yake kwa mwandishi ni kubwa: siri ya nani aliyekizamisha chombo haiwezi kufumbuliwa na mgeni kukumbuka tu. Ifumbuliwe na kitu, kwa mfano ubao uliookotwa ambao kamba zake zimekatwa kwa kisu, si kwa mwamba. Na kamwe usimpige kichwani mara ya pili ili apone. Pigo la pili huzidisha maradhi.

Kwa riwaya ya sura 20, kipande cha kwanza kije sura ya 6, kwa harufu ya makumbi yakifukuliwa. Cha pili sura ya 10, cha tatu sura ya 13. Jina lake mwenyewe lisije kabla ya sura ya 17. Wakati huo wote kijiji kitamwita Mgeni, na ni bahati nzuri kwamba Mgeni ni jina la watu kabisa Unguja na Pemba. Likishikamana naye hakuna atakayeshangaa.

Kuonana bila kuonana

Hawawezi kukaa faragha, na katika eda mtu haruhusiwi kumposa waziwazi, ingawa kudokeza hakukatazwi. Wanaozoea riwaya za kigeni huona hapa pamefungwa, wakamtorosha mjane usiku wa manane. Usifanye hivyo. Nyumba ya mawe inakupa unachotaka: baraza ya nje anapokaa mgeni, pazia la miyaa mlangoni, na vyumba vyembamba, maana upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko, kama mita mbili na nusu mpaka tatu. Sauti ya ndani inafika nje yote. Weka bibi mzee karibu anayesuka ukili na kusikia kila neno.

Mandhari ya kwanza yawe mafupi namna hii:

Mgeni aliinua kamba iliyoanikwa, akaifumua ncha, akainusa, akaivuta juu ya goti.
"Hii haijaiva."
Pazia halikutikisika. "Nani kakwambia?"
Akakaa kimya muda. "Sijui, Mwana."
"Basi mikono yako inajua. Iulize na mengine."

Hakuna aliyesifia uzuri wa mwenzake, na bado mambo yameanza. Uso wa Mwanakombo mgeni asiuone mpaka baada ya sura ya 9.

Visivyokuwepo

Pitia mswada wote ukitafuta karafuu, uing'oe. Pemba bila karafuu inauma, lakini mikarafuu ililetwa visiwani karne ya 19. Muhogo, mahindi, viazi vitamu, nyanya, mananasi, mapapai, korosho, pilipili hoho na tumbaku vyote asili yake ni mabara ya Amerika, na havikufika kabla ya Wareno. Jikoni weka wali, mtama, uwele, ndizi, nazi, kunde, choroko, samaki, ukwaju, asali na tende. Kanga na buibui ni za baadaye sana. Mvishe nguo ya pamba. Chai haipo.

Maneno nayo yana umri. Meza, leso, bendera na gereza yametoka kwa Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498. Msimulizi anaweza kuyatumia akibanwa, wahusika wasiyatamke. Bakuli la Kichina lililotiwa rangi ya buluu linaruhusiwa, ushanga pia, na wanja siku ya kwanza baada ya eda.

Akdi

Msomaji wa nje atatarajia kizuizi kiwe mke wa kwanza wa mgeni huko kwao. Hapa hicho hakibatilishi ndoa. Kinaumiza moyo, na kama ukikitumia kitumie kwa maumivu hayo tu. Vizuizi vya kweli ni vingine. Akiwa si Mwislamu, hakuna ndoa. Akiwa mtumwa aliyetoroka, hawezi kuoa bila idhini ya bwana wake, na akili ya kila mtu barazani itakimbilia hapo kwa mtu asiye na ukoo. Kisha kuna kufu: walii, yaani msimamizi wake wa ndoa, ana haki ya kukataa asiyelingana nao kwa nasaba, na mjane naye ana haki ya kuridhia. Wakiridhia wote, ndoa inapita. Kaka akikataa bila sababu ya kisheria, kadhi anaweza kuozesha badala yake.

Jina la bwana harusi lisikutishe. Akiwa amehudhuria, kumwonyesha kunatosha kumtambulisha. Ndiyo sababu unaweza kuchagua kwa uhuru kama ajijue kabla ya akdi au baada yake, na tunaona kabla ni bora: chombo cha kusi kiwe kimetia nanga, mwenye kumjua ameshamwita kwa jina la baba yake, na mgeni ana kwao pa kurudi.

Halafu kadhi anawatuma mashahidi wawili mlangoni pa chumba cha ndani kuuliza idhini. Wanauliza mara ya kwanza, kimya. Shemeji barazani anasema kimya ni ridhaa. Kadhi anamjibu kuwa huyo si mwari. Wanauliza mara ya pili. Andika sauti za nje, kuku, makasia, mtu anayeponda makumbi pwani. Mara ya tatu Mwanakombo anajibu, na neno lake liwe moja.