Linda pengo, si bei: sanduku la maziwa kwa wafugaji wa Goma

Mfugaji akikuambia maziwa yamepanda bei, muulize kwanza pumba ni bei gani. Mimi ni mtunza pesa wa kikundi kinachopokea maziwa mtaa wa Ndosho hapa Goma, kila asubuhi pikipiki zinapoingia na bido, yaani madumu ya maziwa, kutoka upande wa mji wa Sake, na hilo nalirudia kila mkutano. Kinachomlisha mfugaji ni pengo kati ya bei ya lita na gharama ya kumtunza ng'ombe. Kiangazi bei hupanda, lakini majani yamekauka, pumba zimepanda zaidi, na mtu anauza ghali huku anafilisika.

Marekani serikali inalinda pengo hilo kwa sheria. Programu yao, Dairy Margin Coverage, imetokana na sheria ya kilimo ya 2018. Kila mwezi wizara ya kilimo inachukua bei ya wastani ya maziwa nchi nzima, inatoa gharama ya mahindi, soya na majani makavu, na kupata pengo la kila ratili 100 za maziwa, karibu kilo 45. Mfugaji anakuwa amechagua mapema sakafu yake, kati ya dola 4 na dola 9.50. Akichagua 9.50 na pengo likashuka hadi 8, analipwa dola 1.50 kwa kila ratili 100 alizokatia bima. Kwa sakafu hiyo ya juu mchango ni senti 15 tu kwa ratili 100, na nafuu hiyo imewekewa kikomo cha uzalishaji, ili wadogo wafaidike kwanza. Kanada wao wana njia nyingine: humpangia kila mfugaji kiasi cha kuzalisha. Ulaya nao walipanga hivyo tangu 1984, wakaacha 2015.

Kwetu Kongo (DRC), sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 inataja mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo. Lakini mwenye ng'ombe watatu huko Masisi hawezi kuungoja mfuko huo; anapaswa kumlipa mchungaji mwisho wa mwezi huu. Kwa hiyo hesabu hii ya Wamarekani tuifanye wenyewe, kikundi kwa kikundi, kwa sanduku la pamoja tunalochangia pengo likiwa zuri na linalotulipa likishuka.

Anza na daftari. Upande mmoja andika lita zilizopokelewa na bei. Upande wa pili pumba, chumvi, dawa ya kupe, mchungaji na pikipiki. Wamarekani wanahesabu chakula peke yake, ila kwetu usafiri na malipo ya vizuizi vya njiani hubadilika ghafla, kwa hiyo yaingie. Namba za mfano: lita 240 kwa faranga 1,500 ni 360,000. Gharama ikiwa 216,000, inabaki 144,000, yaani pengo la faranga 600 kwa lita. Lita zinazohesabiwa ni zile zilizopita kwenye kipimo tu. Mimina maziwa kwenye chombo kirefu, tumbukiza laktomita, kipimo kinachoonyesha uzito wa maziwa ukilinganishwa na maji, taratibu isiguse ukuta, ngoja itulie, soma. Maziwa mazima husoma kati ya 1.028 na 1.032; yakishuka chini ya hapo, shuku maji. Fanya hivyo mbele ya aliyeyaleta, kila mara, hata akiwa shemeji yako.

Sasa pangeni sakafu, tuseme faranga 500, na hapa msikosee: pengo linalopimwa liwe la wastani wa kikundi kizima. Mzee mmoja aliniuliza, «Mama, mimi ninayefuga vizuri nilipwe sawa na mvivu?» Nikamjibu, «Baba, njia hiyo ndiyo inayokufaa wewe.» Sanduku likilipa wastani, anayepunguza gharama zake anabaki na faida yake juu ya malipo. Likifuata daftari la kila mtu, mwenye kuandika pumba nyingi ndiye atakayekula.

Pengo likiwa juu ya 500, kila lita iache faranga 20 sandukuni. Likishuka, sanduku lilipe tofauti, lakini kwa lita zisizozidi wastani wa kila mwanachama wa mwaka uliopita, ili mtu asilete maziwa ya jirani. Mwezi mmoja usimalize zaidi ya nusu ya sanduku. Liwe na kufuli tatu kwa watu watatu, kama kwenye AVEC, vile vikundi vya kijijini vya kuweka na kukopa, na akiba iwekwe kwa dola, maana mara nyingi faranga huyeyuka.

Miezi ya mvua maziwa yakifurika, msikimbilie kushusha bei. Pelekeni ziada kwenye fromaji, yaani jibini. Lita kumi hivi hutoa kilo moja, na fromaji ya Masisi hukaa wiki nyingi bila friji. Serikali ya Marekani yenyewe kwa miongo mingi ilinunua jibini, siagi na maziwa ya unga soko lilipojaa. Kwetu mnunuzi huyo ni kikundi.

Mkitaka karatasi za kisheria za kikundi, sheria ya vyama vya ushirika ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inaruhusu ushirika mwepesi wa watu watano. Mchango uanze Septemba mvua zinaporudi, ili Juni, majani yanapoanza kukauka, sanduku liwe na cha kulipa.