Kuingiza huduma ya ujumbe wa simu kwenye kliniki ya VVU, hatua kwa hatua

Programu za simu za kuwasaidia watu wanaoishi na VVU, au wanaojikinga, ni nyingi, na nyingi hufa mradi unapoisha. Kwa kazi yangu ya kuziingiza kliniki, naona mitambo ni sababu mara chache. Mteja anaandika kwamba ana shida, hakuna anayemjibu. Yakimtokea mara ya pili, haandiki tena.

Hatua ya 1: Chagua pengo moja

Fungua rejista uone watu wanapotelea wapi. Ni waliokutwa na VVU ambao hawajaanza dawa? Walioanza wakaacha? Au ni watumiaji wa PrEP, dawa za kujikinga na VVU kabla ya kukutana na virusi, wasiorudi kuchukua dozi? Chagua moja tu. Usinunue chochote kabla ya hapo.

Hatua ya 2: Mpate atakayejibu

Hatua hii ipewe muda kuliko zote. Utafiti wa WelTel, uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet, ulitumia ujumbe mmoja kwa wiki: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyesema shida, na aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mtoa huduma. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 57 ya waliotumiwa ujumbe walikuwa wamefubaza virusi, yaani virusi vimepungua sana mwilini, na asilimia 48 kwa wasiotumiwa. Wengi wanaousoma utafiti huo huvutiwa na ule ujumbe. Mimi naona uzito uko kwenye ile simu iliyofuata.

Kwa hiyo andika zamu: nani anasoma majibu, nani anamshikia akiwa likizo, salio la kupigia linatoka wapi. Panga pia yasiyongoja. Mteja akiandika Ijumaa usiku kwamba kondomu imepasuka, PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio la hatari, inatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Ujumbe huo ukikaa hadi Jumatatu asubuhi, muda utakuwa umekaribia kumwishia. Kama huna mtu wa wikendi, jibu la papo hapo limwelekeze kwenye kituo kilicho wazi.

Hatua ya 3: Uliza simu ni ya nani

Simu iko mezani, watu wamekaa, kioo kinawaka: "Kumbuka kumeza ARV saa 2 usiku." Siri ya mtu imetoka, na kliniki ndiyo iliyoitoa. Wakati wa kuomba ridhaa, uliza: Simu ni yako peke yako? Nani mwingine anaishika? Ujumbe ukifika saa ngapi hautakuletea matatizo? Ukibadilisha laini utatuambiaje? Anayekataa asibembelezwe, na aliyekubali aweze kujitoa kwa kutuma neno moja.

Kwenye mfumo, kila mhudumu awe na nywila yake. Namba za wateja zisikae kwenye simu binafsi za watumishi wala kwenye makundi ya WhatsApp. Hili sina mjadala nalo.

Hatua ya 4: Andika maneno pamoja na wateja

Kaa na wateja wachache na waelimishaji rika, wachague wenyewe maneno. Yasiwemo VVU, dawa, wala jina la kliniki. Usitume kila siku: utafiti mwingine wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta ujumbe wa kila wiki uliongeza ufuasi wa dawa, ila wa kila siku haukuongeza. Ujumbe wa kila siku watu huuzoea, mwisho hawausomi.

Hatua ya 5: Usimwongezee muuguzi daftari

Akilazimika kuandika taarifa ileile mara mbili, ataacha mfumo wako, na atakuwa na haki. Uunganishe na kumbukumbu zilizopo. Ikishindikana, ondoa fomu moja kabla ya kuleta nyingine.

Hatua ya 6: Pima kilicho na maana

Idadi ya ujumbe uliotumwa haikuambii kama mtu anameza dawa. Kwa walio kwenye dawa, angalia kipimo cha wingi wa virusi, ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kifanyike miezi 6 na miezi 12 baada ya kuanza, kisha kila mwaka. Mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo, na anaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Mwambie hivyo kwa sauti siku anapopokea majibu. Kila wiki, hesabu pia walioandika shida na waliopigiwa simu. Namba hizo mbili zikiachana, simamisha kuandikisha wapya.

Hatua ya 7: Jua nani atalipa mfadhili akiondoka

Gharama za ujumbe, salio na muda wa mhudumu ziingie kwenye bajeti ya kituo mapema, wakati mradi bado una fedha. Ikibidi kufunga, wateja waarifiwe wiki kadhaa kabla, wapewe namba ya kupiga, na wale walioandika shida wiki hizo wapigiwe kwanza.