SOMO: Jinsi ya kujiwekea lengo la mazoezi litakalovuka Februari

Wakuu, kila Januari naulizwa jambo lilelile: "Nianzie wapi?" Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Mwenye presha, kisukari au anayebanwa na kifua akipanda ngazi aanze kwa daktari, si kwangu.

1. Andika unachotaka kwa sentensi moja. "Nataka kuwa fiti" haipimiki. "Nataka kukimbia kilomita 10 bila kusimama" inapimika.

2. Jipime kabla hujaanza. Mapigo ya moyo ukiamka, ungali kitandani. Kiuno kwa tepu ya fundi cherehani, usawa wa kitovu. Kisha tafuta uwanja wenye njia ya mita 400, zunguka mara 5 kwenye mstari wa ndani, hizo ni kilomita 2. Andika dakika. Kutembea ruksa.

3. Geuza lengo liwe ratiba. Kilo haziamrishwi, miguu inaamrishwa. Unaweza kufanya kila kitu sawasawa wiki nzima na mzani ukagoma, kwa sababu ya maji tu au chumvi ya jana. Kwa hiyo andika utakachofanya: "Jumanne na Alhamisi saa 12 asubuhi dakika 45, Jumamosi saa nzima." Hapo umefika dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima kwa wiki, mwendo wa kati. Mwendo wa kati ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ongeza siku mbili za mazoezi ya nguvu.

4. Panda taratibu. HAPA SOMENI MARA MBILI. Pumzi huja upesi, ndani ya wiki chache tu unaona tofauti. Kano na mifupa huchelewa, zinahitaji miezi. Ndiyo maana mwezi wa pili mtu anajiona simba, anaongeza umbali na kasi kwa pamoja, halafu mguu unakataa. Goti langu lilinifundisha hili, na ada haikuwa ndogo. Ongeza kitu kimoja kwa wakati: ama umbali, ama kasi, ama idadi ya siku. Kila wiki ya nne punguza, hata kama hujachoka. Ukilazwa chini na malaria, usirudi pale ulipoishia, rudi nyuma kabisa.

TAHADHARI: misuli kuuma yote baada ya mazoezi ni kawaida, huisha siku mbili tatu. Maumivu ya sehemu moja kwenye muundi, unayoweza kuyaonyesha kwa kidole, ni habari nyingine. Acha kukimbia, kamwone mtaalamu. Na USIMEZE diklofenaki ili ukakimbie.

5. Weka tarehe. Kujisajili mbio kunasaidia, ila ijue njia kwanza. Nusu marathoni ya Kilimanjaro pale Moshi, kilomita 21.1, inapanda kuelekea Mweka kabla ya kuteremka. Aliyejifua Barabara ya Barack Obama ya Dar es Salaam pekee, tambarare na upepo wa bahari, atajuta.

6. Uwe na malengo matatu: la siku nzuri, la siku ya kawaida, la siku mbaya. Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo 2025 kwa saa 2:09:48, muda wa taratibu kuliko ule wake bora, akampita Mjerumani mstarini kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kulikuwa na joto, hakuna aliyekuwa anafukuzana na saa.

7. Baada ya wiki sita jipime upya. Uwanja uleule.

MASWALI

Kibonge Mtata: Mkuu somo zuri, ila nataka kitambi kiishe wiki mbili, nina harusi. Nipe dozi.

Jibu: Hatua ya 3.

Kibonge Mtata: Nimesoma. Taja tu situp ngapi kwa siku.

Jibu: Hujasoma. Situp inajenga misuli ya tumbo, haichagui mafuta ya kuchoma. Kwa harusi ya wiki mbili, kamwone fundi suti.

Nesi wa Zamu: Kaka, mimi leo asubuhi, kesho jioni, keshokutwa usiku. Hiyo Jumanne na Alhamisi naifanyaje?

Jibu: Swali zuri, dada. Usilifunge zoezi kwenye siku, lifunge kwenye zamu. "Kabla ya kuingia jioni, dakika 40." "Nikitoka usiku, nalala, sikimbii." Hiyo ya pili nayo ni sehemu ya mpango, usijilaumu. Hesabu jumla kwa siku 10 badala ya 7. Na wewe kupima mapigo unajua: yakiwa juu kuliko kawaida yako asubuhi mbili mfululizo, pumzika.

Mswalihina: Ramadhani nisimamishe?

Jibu: Badili lengo liwe kushikilia ulichonacho. Nusu saa taratibu karibu na magharibi, unamaliza unafuturu. Au baada ya tarawehe. Kasi iache hadi Mfungo Mosi.

Mbishi Halali: Mbona hujataja ile kanuni ya kuongeza asilimia 10 kwa wiki?

Jibu: Makusudi. Anayekimbia kilomita 5 kwa wiki, asilimia 10 ni mita 500. Anayekimbia 80, ni kilomita 8. Kanuni moja, watu wawili tofauti kabisa.

Mbishi Halali: Hapo umenifunga mdomo. Raba za mtumba je?

Jibu: Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao imekufa, hata kama juu inang'aa. Kisha iweke mezani uitazame kwa nyuma, ikilalia upande mmoja mwachie mwenyewe.

Mkazi wa Goba: Na mbwa wa alfajiri?

Jibu: Usimkimbie. Simama, usimkodolee macho, rudi nyuma polepole. Mimi siku hizi napita barabara nyingine.